Chura wa Theluji na Chura wa Lindi: Adui Wao ni Mmoja

Kusi likishashika, mwezi wa Juni, vyura wa Lindi na Mtwara hunyamaza. Madimbwi yaliyokuwa yakipiga kelele usiku kucha tangu mvua zianze yanakuwa kimya, na ukiuliza wameenda wapi, jibu la haraka ni kwamba wamekimbia baridi. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu. Usiku wa Julai mjini Mtwara joto hushuka hadi karibu nyuzi 20 za Selsiasi. Juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, hushuka kupita hapo na watu hutoa masweta. Kwa chura hiyo si baridi ya kumtisha. Nenda bonde la Lukuledi mahali ambapo maji hayakauki, au hata pembeni ya bomba la kijiji linalovuja, utawakuta wako macho na wanakula. Kinachowaondoa wengine ni ukavu. Mvua zimekatika, upepo unanyonya unyevu wa ardhi, na hadi Novemba au Desemba hakuna dimbwi la kutegemea.

Lakini ukimchunguza chura anayeishi kwenye baridi ya kweli, ile ya theluji na barafu, unakuta naye tatizo lake kubwa ni kukauka. Hapo ndipo vyura wa pande mbili za dunia wanapokutana, na ndiyo sababu makala hii inaanzia mbali kabla ya kurudi nyumbani.

Mwili wa chura, zaidi ya robo tatu ya uzito wake, ni maji. Maji hayo yana chumvi na vitu vingine ndani yake, kwa hiyo hayagandi joto linapofika sifuri bali linaposhuka kama nusu nyuzi chini ya hapo. Barafu inapoanza, huanzia nje ya seli. Nayo inachukua maji matupu tu, chumvi inaiacha. Maji machache yanayobaki kuzizunguka seli yanazidi kuwa makali, na ukali huo unavuta maji ya ndani ya seli yatoke. Ni kazi ileile inayofanywa na chumvi kwenye ng'onda: samaki anaanza kukauka kabla hajaanikwa. Seli ikinywea kupita kiasi, utando wake unaharibika na haijai tena joto likirudi. Na chembe za barafu zikiota ndani ya seli yenyewe, chura hapati nafuu.

Mnyama wa nchi za baridi ana njia tatu. Aikwepe barafu, aizuie isianze, au airuhusu lakini kwa masharti yake. Wa njia ya tatu ni wachache, na anayejulikana zaidi ni chura wa msituni wa Amerika Kaskazini, Rana sylvatica. Ni mdogo, sentimita 4 hadi 7, rangi ya kahawia, na baka jeusi linalopita kwenye jicho. Anapatikana kuanzia mashariki ya Marekani, kupitia Kanada, hadi Alaska ndani ya Duara la Aktiki. Mwaka 1982 mwanasayansi William Schmid wa Minnesota alichapisha kwamba baadhi ya vyura wanaganda kisha wanarudi kuwa hai. Baada yake Kenneth na Janet Storey, wa Chuo Kikuu cha Carleton mjini Ottawa, walitumia miaka mingi kuonyesha jinsi jambo hilo linavyofanyika mwilini.

Chura huyu si mchimbaji. Theluji inapokaribia hujichomeka tu chini ya majani makavu, sentimita chache kutoka juu, mahali ambapo barafu lazima imfikie. Maandalizi yake yako kwenye ini. Majira ya joto yanapoelekea mwisho hula sana na kujaza ini glaikojeni, yaani akiba ya wanga inayoweza kugeuzwa sukari. Damuni na kwenye misuli hulimbikiza yurea, taka ambayo kwa kawaida angeitoa kwenye mkojo. Halafu anangoja.

Siku joto linaposhuka nyuzi moja au mbili chini ya sifuri, barafu ya kwenye majani yenye unyevu inagusa ngozi yake, na maji ya chini ya ngozi yanaanza kuganda. Hiyo ndiyo ishara. Ndani ya dakika chache ini linaanza kuvunja glaikojeni na kumwaga glukosi kwenye damu, na moyo unaisukuma kwa nguvu kwenda kila kiungo. Damu iliyokuwa na glukosi kama milimoli 5 kwa lita inafikia 200, na kwa wengine inapita hapo. Mashine za kupimia sukari za hospitali zetu zinasoma kwa kipimo hichohicho, na mtu mwenye afya ambaye hajala huwa karibu na 5. Mashine nyingi zikifika 33 hazisomi tena. Kiwango cha chura huyu kingemuua binadamu yeyote, ila yeye kinamwokoa, kwa sababu sukari iliyojaa ndani ya seli inayashika maji yasitoke yote, na yurea inasaidia kazi hiyo.

Kuganda kunachukua saa nyingi, hata siku nzima. Moyo unaendelea kupiga karibu hadi mwisho, maana ndio unaosambaza sukari, kisha nao unasimama. Pumzi ilishakatika zamani. Ukimshika saa hiyo tumbo ni gumu kama jiwe, macho yamekuwa meupe, mguu haukunjiki na ukiulazimisha unavunjika. Kati ya ngozi na misuli kuna mabamba ya barafu, na ndani ya tumbo barafu imezunguka ini na utumbo ambavyo vimesinyaa kwa kutolewa maji. Karibu asilimia 65 ya maji yote ya mwilini yameganda. Seli zenyewe hazijaganda. Zimekaa kwenye sharubati nzito, zimenywea, lakini nzima.

Joto likirudi moyo huanza kupiga kabla barafu haijaisha yote, kisha pumzi, kisha miguu. Inaweza kumchukua siku nzima au zaidi kabla hajaruka. Sukari hurudishwa kwenye ini ikawekwe akiba tena.

Wanaokufa hufa kwa sababu zinazoeleweka. Ya kwanza ni kuganda kwa kasi. Ubaridi ukimshukia ghafla barafu hujengeka kabla sukari haijafika kwenye viungo vya mbali. Ndiyo maana inamfaa barafu ianze mapema, joto likiwa limeshuka kidogo tu chini ya sifuri; kwenye ngozi na tumboni ana bakteria wanaosaidia barafu kuanza katika joto hilo. Ya pili ni ini lenye akiba ndogo: aliyekula vibaya hana sukari ya kutosha. Ya tatu ni mwaka wenye theluji chache. Theluji nene juu ya majani huzuia joto la ardhi lisipotee, na ikikosekana baridi kali inashuka moja kwa moja hadi kwa chura.

Walioko kusini mwa eneo lao huishia kuvumilia nyuzi 4 hadi 6 chini ya sifuri. Wa Alaska ni habari nyingine. Utafiti wa Don Larson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, uliochapishwa 2014, uliwafuatilia vyura hao kwenye makazi yao wenyewe. Walikaa wameganda kwa wastani wa siku 193, baridi ikafika nyuzi 18 chini ya sifuri, na waliofuatiliwa wote walipona. Tofauti na vyura wa maabara ni kwamba porini, mwanzoni mwa msimu, chura huganda usiku na kuyeyuka mchana mara kadhaa mfululizo. Kila akiganda ini linatoa sukari zaidi, na akiyeyuka hairudi yote. Anapoganda moja kwa moja tayari ameshajaa. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye habari ya chura huyu: ubaridi unaokuja polepole, kwa kurudirudi, unamwandaa mnyama kwa ubaridi ambao ungemuua kama ungekuja mara moja.

Wa njia nyingine niwapitie upesi. Vyura wa maji, kwa mfano Rana pipiens wa Amerika, huikwepa barafu kwa kushuka chini ya bwawa. Maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo hayo hutulia chini na barafu inabaki juu. Chura hukaa juu ya tope, hajiziki, kwa sababu wakati huo anapumua kwa ngozi na tope halina oksijeni. Bwawa likiwa la kina kifupi, au likioza majani mengi, oksijeni huisha na wanakufa kwa pamoja. Kobe wa maji wa huko, Chrysemys picta, anaweza kukaa zaidi ya siku 100 kwenye maji ya baridi yasiyo na oksijeni kabisa, gamba lake likimeza asidi inayojikusanya kwenye damu. Samaki wa bahari ya Antaktika wanaizuia barafu isianze. Damu yao ina protini zinazojibandika kwenye chembe ndogo za barafu zisikue, jambo lililoelezwa na Arthur DeVries mwishoni mwa miaka ya 1960. Kindi wa ardhini wa Aktiki hushusha joto la mwili hadi karibu nyuzi 3 chini ya sifuri bila kuganda, na kila baada ya wiki mbili tatu hujipasha moto upya, kazi inayomla sehemu kubwa ya mafuta yake.

Na wapo wanaoikwepa baridi kwa kuja kwetu. Vitwitwi wanaokimbia kwenye matope ya Mikindani na Msimbati maji yanapokupwa, kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, miongoni mwao wamo waliozaliwa Siberia. Wanapofika wamekonda, na tope lenye minyoo na kaa wadogo ndilo linalowarudishia uzito. Mbayuwayu wa Ulaya nao huja, kwa sababu wadudu wanaoruka huko wamekwisha.

Sasa turudi kusini mwetu. Yurea ile aliyolimbikiza chura wa Alaska inatumika hapa pia, bila theluji hata chembe. Vyura wa Xenopus, wale wenye makucha meusi kwenye miguu ya nyuma ambao kwa kawaida hawatoki majini, bwawa likikauka huhama usiku au hujichimbia kwenye tope. Humo ndani yurea hupanda damuni, na kwa kupanda huko udongo unaokauka unashindwa kuwanyonya maji kwa haraka. Kemikali ni ileile, dhidi ya adui yuleyule aliyekuja kwa mlango mwingine.

Tofauti ni mbinu za nje. Chura wa mvua, Breviceps mossambicus, yule mviringo mwenye uso mfupi na miguu mifupi, huchimba kinyumenyume. Nyayo zake za nyuma zina kinundu kigumu. Anazungusha huku na huku hadi ardhi inammeza wima. Huyu hahitaji hata dimbwi la kuzalia. Mayai hutagwa chini ya ardhi na hutoka vyura wadogo waliokamilika, bila kupitia viluwiluwi. Vyura wa jamii ya Hemisus huchimba kwa pua. Wakubwa wa jamii ya Pyxicephalus hufanya zaidi ya kuchimba: wakiwa chini huambua tabaka la juu la ngozi bila kulivua, tabaka juu ya tabaka, mpaka wamefungwa na gamba jembamba linalobakiza matundu ya pua tu. Kibofu chao huwa kimejaa mkojo mwepesi ambao ni karibu maji matupu, nao huunyonya kurudi mwilini kidogokidogo.

Chura wa povu, Chiromantis xerampelina, hachimbi kabisa. Anakaa juu ya tawi kiangazi kizima, miguu ameikunja chini ya mwili, ngozi imegeuka nyeupe kuakisi jua. Anapoteza maji kidogo kwa kiwango cha mjusi. Taka zake huzitoa kama asidi ya yuriki, kitu kizito kama cha ndege, ambacho hakihitaji maji mengi kukitoa; hilo liliripotiwa mwaka 1970. Mvua zikija, jike hutengeneza kiota cha povu kwenye tawi juu ya maji, na baada ya siku kadhaa viluwiluwi hudondoka.

Konokono wakubwa wa mashambani nao huingia ndani ya gamba na kuziba mlango kwa utando wa ute uliokauka, wakakaa hivyo miezi. Na kwenye madimbwi ya msimu ya pwani ya Tanzania wapo samaki wadogo wa Nothobranchius ambao wenyewe hufa wote dimbwi likikauka, ila mayai yao hubaki hai kwenye tope kavu, ukuaji umesimamishwa, hadi maji yarudi.

Wanyama wanaotengeneza joto lao wenyewe wana shida ya aina nyingine: wanahitaji chakula cha kuchoma na manyoya ya kulizuia joto lisitoke. Mahali ambapo kipupwe chetu kinaua kweli ni kwa asiye na vyote viwili, yaani kifaranga. Kuku mzima ana joto la nyuzi 41 hivi. Kifaranga wa siku moja ana vinyweleo tu, na hadi afikishe wiki tatu au nne hajaweza kujilinda mwenyewe. Usiku wa Julai wa Newala unatosha kummaliza.

Kwa vifaranga 50 wasio na mama, zungushia duara la kipenyo cha mita 1.2 kwa kadibodi au bati lenye kimo cha sentimita 45. Duara ni muhimu, kwa sababu kwenye kona hurundikana na wa chini hukosa pumzi. Chini tandaza maranda au pumba za mpunga, sentimita 5 hadi 8, zikiwa kavu kabisa. Pasha bruda, yaani duara hilo la kulelea, saa kadhaa kabla hujawaweka, ili na matandazo yawe ya moto. Wengi hupasha hewa tu, vifaranga wakasimama kwenye ubaridi. Wiki ya kwanza joto kwenye kimo cha kifaranga liwe nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki hadi ufike 21 hivi.

Kama huna kipimajoto, waangalie wao. Wakirundikana chini ya chanzo cha joto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakitawanyika ukingoni huku midomo wazi, wana joto. Wakikusanyika upande mmoja tu, kuna upepo unaingia upande wa pili. Kwa majira haya utafute kwenye ukuta wa kusini. Mchukue mmoja ukaguse mguu wake kwenye shavu lako. Ukiwa wa baridi ujue sakafu ndiyo yenye tatizo. Ukitumia jiko la mkaa, liwashe nje hadi moshi uishe, liweke juu ya matofali, na acha uwazi wa juu usiozibwa hata usiku. Mkaa uliokolea bado unatoa monoksidi ya kaboni, haionekani wala hainuki, na imeua vifaranga na watu waliolala nao chumba kimoja.

Wafugaji wa perege nao wana jambo la kuangalia. Samaki huyu hula vizuri maji yakiwa na nyuzi 26 hadi 30. Yakishuka karibu na 20 hamu hupungua sana, na chakula kisicholiwa huoza na kumaliza oksijeni. Majira ya kusi msilishe alfajiri. Subirini saa nne, jua likishapasha maji, na kisicholiwa ndani ya dakika 20 kipunguzeni siku inayofuata.

Kwa vyura wenyewe, kinachowaua kwetu wakati huu si hewa ya baridi. Ni moto na ufagio. Kabla ya kuokota korosho, chini ya mikorosho hufagiliwa na majani huchomwa, na humo ndimo walimo wasioweza kuchimba. Usafi huo una sababu yake, korosho lazima ionekane. Sogeza basi majani ya ukingoni mwa shamba yawe fungu la sentimita 30 kwenda juu na mita moja upana, liache lioze lenyewe, na usiliwashe.

Ukitaka kutengeneza maficho nyumbani, mahali pa kuyaweka panahitaji kufikiriwa. Julai jua la mchana kwetu liko upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli cha nyumba kinaangukia kusini, na upepo mkavu unatoka kusini pia. Ukuta wa kusini una kivuli lakini unapigwa, wa kaskazini umekingwa lakini unaungua. Weka chini ya mwembe au mti mwingine usiopukutika, kaskazini mwa kitu cha kukinga upepo. Chimba shimo la sentimita 40, kwa sababu kwa kina hicho joto la mchana na usiku karibu halitofautiani. Jaza nusu kwa vipande vya matofali au mawe vinavyoacha nafasi, halafu majani, halafu udongo uliolegea. Loanisha mara moja na usirudie kila siku. Usifunike kwa nailoni, maana jua likiipata inapika kilicho chini. Usitie samadi mbichi, inachemka na kutoa amonia. Kuku wazuiwe kwa fito, watapekua lote asubuhi moja.

Na jembe likimfukua chura aliyelala mwezi wa Septemba au Oktoba, usimmwagie maji wala kumtia ndoo. Chura hunywa kwa ngozi ya tumbo. Akilowa ataamini mvua zimefika, ataamka, ataanza kutumia akiba iliyobaki, na wadudu wa kula hawajatoka. Osha mikono kwanza, hasa kama ulikuwa na dawa ya mikorosho, kwa kuwa ngozi hiyo hiyo inapitisha sumu. Akiwa na gamba jembamba usilibandue. Chimba kivulini kina kilekile ulichomkuta, mweke mgongo juu, mfunike kwa udongo wenye ubichi bila kuushindilia, na weka kijiti pale ili jembe lisirudi.